Fuwele za Kinyangiri na Watu Walionitaja

Mkiwa, Jumamosi jioni

Pendo mwanangu,

Habari za sweta, za pasi ya kusafiria na za kutokuweka hela zote mfuko mmoja baba yako amekwisha kuzimaliza, na najua kesho kabla basi halijafika atazirudia zote tangu mwanzo. Kwa hiyo hayo mimi nimesamehewa. Wewe umekwenda kuwaaga kina shangazi, nyumba imetulia, baba yako yuko dukani anabishana na dereva wa lori kuhusu vitunguu, nami nimekaa mezani na kalamu. Nimezoea kuandika makala za kemia, nazo zina masharti yake: usiseme "mimi", usichekeshe, wala usitaje jambo ambalo hukulipima. Leo nayavunja yote.

Jana ulipokuwa unakunja nguo uliniuliza, "Mama, huko watataka niandike makala ngapi?" Nikakujibu kwamba inategemea, halafu nikakimbilia jikoni kuangalia maharage ambayo hata hayakuwa motoni. Nadhani uliona. Swali lako lilinikuta vibaya, kwa sababu nimeishi nalo miaka mingi na limenifanya nionekane mjinga mbele ya watu wengi, wengine wako mbali sana na Singida. Sasa unakwenda kusomea udaktari wa kemia isokaboni, kemia ileile ya metali na madini niliyosomea mimi, na huko utapimwa kwa kipimo kilekile. Basi acha nikueleze mama yako alivyopata umaarufu. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo na ulikuwa umeshughulika na firigisi.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kuyeyusha chumvi ya shaba kwenye maji, kuichanganya na kemikali nyingine niliyoitengeneza mwenyewe kwa taabu, kisha kusubiri. Kemia yetu hii kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Unaiweka chupa mahali pasipo na mtikisiko, unaifunika nusu, unaondoka, na ukirudi baada ya majuma unakuta ama fuwele, yaani vile vipande vinavyong'aa kama chumvi ya mawe, ama unakuta uchafu. Mimi nilikuwa bingwa wa uchafu.

Halafu wanafunzi wa chuo wakagoma kwa sababu ya chakula, chuo kikafungwa ghafla, tukaambiwa tuondoke kabla ya jioni. Wenzangu walibeba magodoro. Mimi nilibeba chupa zangu kwenye kikapu, nimezifungia khanga, nikapanda basi hadi Singida mjini na kutoka hapo hadi Kinyangiri kwa bibi yako. Njia nzima nilizipakata kama mtoto mchanga. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Pale Kinyangiri nikaomba kona ya stoo ya alizeti. Chuoni tulikuwa na mtambo wa kukeneka maji, yaani unayachemsha na kuukusanya mvuke wake, ukipoa unapata maji yasiyo na kitu kingine ndani. Nyumbani kulikuwa na bomba la mkono la kisima kirefu. Nikachota maji ya kisima, nikayachemsha muda mrefu hadi sufuria ikabaki nusu, nikayachuja kwa kitambaa cheupe cha bibi yako cha kwendea kanisani, nikajiona mtu msafi kuliko wote wilayani. Bibi yako alikuwa anaota moto wangu akiniangalia.

"Unampikia nani maji?" akauliza.

"Ni ya kazi, mama. Nayasafisha."

"Kuni zangu zinaisha kwa maji matupu," akasema, akaenda kufungulia mbuzi.

Sasa sikiliza. Katika ile stoo, kati ya magunia ya alizeti, nilipata fuwele. Kidogo sana, za kuokota kwa ncha ya sindano, lakini bluu yake, Pendo! Umeona shingo ya kanga dume anapogeuka juani? Ile. Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika. Bibi yako akaja mbio akidhani ni nyoka. Nikamwonyesha. Akazitazama muda mrefu, akauliza kama zinaliwa. Nikasema hapana. Akauliza kama zinauzwa. Nikasema hapana.

"Basi ni nzuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa.

Chuo kilipofunguliwa, msimamizi wangu alizipeleka nje kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha atomu zimepangwaje. Majibu yakarudi: atomu mbili za shaba, na katikati yake kitu kidogo kimezishika kama mtoto aliyeshikwa mikono na wazazi wawili. Mashine haikuwa na hakika kitu kile ni nini, kwa maana atomu zinazokaribiana uzito huwa zinafanana machoni pake kama mapacha. Mimi nilikuwa na hakika. Nikasema ni oksijeni. Nani asiyejua kwamba kwenye maji kuna oksijeni? Nikaandika makala, jarida zuri likaipokea, na mahali pa kueleza nilivyofanya nikaandika kwamba nilitumia "maji safi". Ni maneno mawili tu. Nilikuwa namaanisha yale ya kitambaa cha kanisani.

Kisha ikawa kimya.

Labda nikueleze kimya hicho, maana na wewe kitakufika. Makala ikishatoka, unangoja wengine waitaje. Mtu mwingine akiandika ya kwake na kusema "kama alivyoonyesha fulani", umehesabiwa moja. Kuna tovuti zinazohesabu. Na kuna ile herufi h wanayotupimia: ukiwa na makala kumi, na kila moja imetajwa angalau mara kumi, h yako ni kumi. Mwaka ule h yangu ilikuwa sifuri. Nilikuwa nafungua kompyuta asubuhi kabla sijamsalimia baba yako. Tulikuwa tumeoana karibuni, naye alikuwa anauliza kutoka kitandani kwa sauti ya chini, kama tuna mgonjwa ndani.

"Bado?"

"Bado."

"Mungu yupo," anasema, anageukia ukutani.

Wa kwanza kunitaja nilikuwa mimi mwenyewe, kwenye makala yangu ya pili. Baba yako alishangaa. "Inaruhusiwa?" Nikamwambia inaruhusiwa. "Basi jitaje kila siku, mama, unangoja nini?"

Miaka ikapita, ukazaliwa wewe, nikaajiriwa chuoni Dodoma, nikawa nafundisha siku za kazi na kurudi hapa Mkiwa mwisho wa juma. Halafu asubuhi moja nafungua, nakuta nimetajwa. Juma lililofuata, tena. Baadaye ikawa kama mvua za Desemba, naangalia leo zimeongezeka, naangalia kesho zimeongezeka. Wahungaria wamenitaja, Wahindi wamenitaja, Wajapani wamenitaja. Mkuu wa idara akanisimamisha kwenye korido akanishika mkono kwa mikono miwili. Kamati ya vyeo ikakaa, ikaangalia idadi, ikanipandisha kuwa mhadhiri mwandamizi. Kamati haikusoma hata moja ya makala hizo. Siwalaumu, Pendo. Hata mimi sikuwa nimezisoma. Nilikuwa nahesabu.

Baba yako akasema jambo hili halipiti hivihivi. Akachinja kuku hata majogoo aliokuwa amewaahidi watu wa Itigi, akaita ndugu, majirani, katekista na Hajati Mwanaidi wa duka la pili, akakodi viti. Hiyo ndiyo siku ya firigisi. Watu wakala, wakashiba, na mjomba wako Samweli, ambaye hajawahi kuhudhuria sherehe bila kuiharibu kwa nia njema, akasimama.

"Tumeambiwa dada yetu anaandikwa na wazungu," akasema. "Sasa sisi tutajuaje kama wanamwandika vizuri? Atusomee kidogo, kwa Kiswahili, na sisi tusikie."

Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa na kompyuta ndani, nilikuwa na makala moja ya profesa wa Hungaria niliyoipakua kwa fahari bila kuifungua, nikaileta nikakaa mbele ya watu wote, nikaanza kutafsiri huku ndiyo kwanza naisoma.

"'Mtafiti kutoka Tanzania,'" nikasoma, watu wakashangilia, "'ameripoti fuwele za bluu zenye sifa za ajabu.'" Wakashangilia tena. "'Tumerudia kazi yake kwa uangalifu mkubwa...'"

"Eeeh!" akasema katekista.

"'...na hatukupata...'"

Macho yakaenda mbele yenyewe. Hawakupata fuwele. Hawakupata chochote. Walisema pengine mtafiti alikosea, pengine fuwele hizo hazikuwahi kuwepo. Nikashuka chini kwenye orodha ya wengine waliokubaliana nao, na wote wale walionitaja, wale Wahindi na Wajapani wangu, walikuwa wanasema jambo hilohilo kwa adabu tofauti tofauti.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" akauliza mama mkwe wangu. "Hawakupata nini?"

Kuku wote wale, Pendo. Viti vya kukodi.

"'Hatukupata,'" nikasema, "'hatukupata kuona kazi nyingine kama hii.'"

Makofi yalivyolia, mbwa wa jirani walibweka. Hajati Mwanaidi alinikumbatia akasema yeye tangu zamani alijua. Wewe ulikuja ukaniwekea kipande cha firigisi mdomoni, nikakitafuna kama mpira.

Kilichofuata sijivunii, ila nacheka nikikumbuka. Nilikasirika kwa miezi. Niliandika kwa mhariri kwamba Wahungaria hawajui kusubiri. Nikaingia maabara kuwaonyesha, nikatumia shaba ileile, kemikali ileile, na maji yaliyokenekwa vizuri kabisa kwenye mtambo mpya wa chuo. Nikapata supu ya kijani. Nikarudia, supu ya kijani. Nikasema labda ni joto la Dodoma. Nikasema labda shaba ya siku hizi si kama ya zamani, kama wazee wanavyosema kuhusu sabuni. Sikumwambia mtu. Mchana nilikuwa nafundisha wanafunzi kwamba mwanasayansi hukubali ushahidi, na jioni nilikuwa namwaga supu ya kijani nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo.

Na wakati huohuo idadi inapanda. Kila anayejaribu akishindwa anaandika, kila anayeandika ananitaja, na kila ninapotajwa nakaribia uprofesa. Faili langu la profesa mshiriki lilikuwa limeshaingia kwenye kamati.

Ndipo nikaalikwa kwenye mkutano Ulaya. Nilijua yule profesa Mhungaria atakuwepo. Nilitunga hotuba ya kumkomesha na kuifanyia mazoezi kwenye ndege. Nilipomkuta alikuwa mzee mrefu, mpole, amesimama na sahani ya keki. Nikajitambulisha na kuanza. Nilisema mengi. Lakini niliona haniangalii machoni. Alikuwa ananiangalia mdomo. Nikaongeza sauti. Akazidi kuniangalia mdomo, hadi akainama kidogo kama daktari.

"Samahani," akasema, "ulikulia wapi?"

"Singida."

"Huko kuna volkano?"

"Kuna Bonde la Ufa. Kwani?"

"Na mnakunywa maji ya nini?"

"Ya kisima, kama watu wote!"

Akaweka sahani chini. "Na fuwele zako, Daktari, ulizitengeneza kwa maji gani?"

"Maji safi," nikasema. Na nilipoyasema nikaona ile sufuria, na kile kitambaa cha bibi yako.

Mzee akagusa meno yake mwenyewe kwa kidole. "Floridi," akasema taratibu, na uso wake wote ukafurahi kama mtoto.

Mimi nilisikia ananisema meno. Unajua meno yetu watu wa kule, yale mabaka ya kahawia. Tangu nilipotoka kijijini nilijifunza kucheka nimefumba mdomo, na kwenye picha zote za harusi yangu nimekaa kama mtu aliyekula limau. Nikamjibu kwa Kinyiramba neno ambalo sitaliandika hapa. Akadhani ni asante, akainamisha kichwa. Nikaenda chooni nikalie, na pale juu ya sinki kulikuwa na kioo na taa kali. Nikafungua mdomo wote.

Mwanangu, kila mwaka nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba floridi ikizidi kwenye maji ya kunywa huyatia meno mabaka. Nina mchoro wake. Nimesahihisha mtihani wa swali hilo na kuwanyima maksi waliokosea. Na atomu ya floridi inakaribiana sana na ya oksijeni kwenye macho ya ile mashine. Na maji ukiyachemsha hadi yakabaki nusu, floridi haiendi na mvuke, inabaki palepale na kuwa kali maradufu. Yule mtoto aliyeshikwa mikono na shaba mbili hakuwa oksijeni hata siku moja. Jibu nilikuwa natembea nalo kinywani, nimelifumbia mdomo kwa aibu.

Nilicheka mle chooni hadi mwanamke mmoja akaniuliza kama aite msaada.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Kinyangiri na chupa zangu. Kisima kilekile, sufuria ileile, kitambaa bibi yako alikataa, nikatumia changu. Fuwele zikaja. Bluu ileile. Kisha nikachukua maji yaliyokenekwa, nikatia floridi kidogo kutoka dukani kwa kemikali, zikaja tena, nyingi. Nikaziangalia nikaona njia mbili. Nikinyamaza, watu wataendelea kushindwa na kunitaja, nami nitakuwa profesa. Nikisema, nitakuwa mtu aliyechemsha maji ya kisima.

Nikamweleza baba yako hapohapo dukani, akiwa anapanga vitunguu.

"Mimi nikimuuzia mtu gunia lenye vibovu katikati, harudi," akasema. "Lakini wewe wateja wako wanarudi kila mwaka kukutukana, na wakikutukana unapanda cheo. Hiyo biashara siijui."

"Sasa nifanyeje?"

"Sijui, mama Pendo. Ila tangu urudi hulali, unasaga meno usiku. Hayo meno nayo yamechoka."

Sikuamua siku hiyo. Ningependa kukuandikia kwamba niliamua palepale kwa ujasiri. Nilikaa na jambo lile, nikajipa sababu, nikasema ngoja kamati ikae kwanza. Kilichonimaliza ni barua pepe moja. Iliandikwa na msichana wa India, mwanafunzi kama utakavyokuwa wewe. Alisema amejaribu kutengeneza fuwele zangu mwaka mzima. Msimamizi wake ameanza kuchoka naye. Hakunishutumu. Alisema anajua kosa ni lake, ananiomba radhi kwa kunipotezea muda, na kama ningeweza kumwambia ni nini anachokosea angeshukuru sana.

Aliniomba radhi, Pendo. Kwa kushindwa jambo ambalo halikuwa linawezekana.

Nikamjibu siku hiyohiyo. Na kwa kuwa nilitaka aone kwa macho yake, nikajaza chupa maji ya Kinyangiri nikaenda posta Singida mjini. Kijana wa dirishani akaitikisa chupa.

"Ni dawa hii, mama?"

"Ni maji."

"Maji ya baraka?"

"Ya kisima."

Akaniangalia kwa upole sana. "Kwani huko unakotuma hawana?"

Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi, tukajaza karatasi, na mwisho bosi akaandika "sampuli" kwa herufi kubwa, akanong'ona kwamba kama yanaponya presha, mama yake anayo. Chupa ilifika. Baada ya majuma yule msichana alinitumia picha: fuwele mbili tatu za shingo ya kanga kwenye kiganja chenye glovu. Chini yake hakuandika chochote cha kemia. Aliandika tu kwamba amempigia mama yake simu.

Tukaandika masahihisho watatu, yeye, mzee Mhungaria na mimi. Nilisisitiza sentensi ile iandikwe wazi, kwamba maji yalikuwa ya kisima, yamechemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Mhariri alitaka kuitoa. Mzee akakataa, alisema hiyo ndiyo sentensi pekee iliyomfurahisha katika kazi yake yote.

Kamati ilivurugika. Mwenyekiti alisema kanuni hazina kifungu cha mtu kujipinga mwenyewe. Mmoja akauliza kama wale wote walionitaja kwa kunikataa sasa wapunguzwe. Mwingine akauliza je, kama walinikataa kwa kosa ambalo nimelikubali, si wamenikubali? Walibishana hadi chai ikapoa, wakalirudisha faili langu. Uprofesa nilikuja kuupata baadaye sana, kwa kazi nyingine, ndogo na ya kweli. Na hadi leo ile makala yenye kosa inatajwa kuliko masahihisho yake. Kuna watu huko duniani bado wananipinga, hawajui kwamba nimekwisha kukubaliana nao. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi nawatakia heri.

Kwa hiyo uliponiuliza ngapi, sikuwa na namba ya kukupa. Naweza kukuambia nililoliona. Idadi ile ilikuwa inaniambia watu wanazungumza habari zangu, haikuniambia wanasema nini, na mimi sikutaka kusikia. Ningesoma ile ya kwanza tu, siku ya kwanza, yule msichana asingepoteza mwaka. Wakikutaja, wasome. Hata wakikukata maini. Hasa wakikukata maini, maana ameketi mtu mahali akashughulika na kazi yako hadi mwisho, na hilo si wengi watakufanyia. Na ukiwa wewe ndiye unayeshindwa kurudia kazi ya mtu mkubwa, kabla ya kuomba radhi, muulize ametumia maji gani.

Liko moja la aibu ambalo sijawahi kulikiri hata kwa baba yako. Baada ya yote yale mjomba Samweli alisimama tena, safari hii kwenye mkutano wa kijiji Kinyangiri, ambako nilikuwa nimealikwa kueleza "vitu vya bluu". Nikaeleza vizuri sana, na michoro. Nikamaliza. Akauliza, "Kumbe hayo maji yameharibu mawe yako. Na watoto wanaoyanywa?"

Nilikuwa nimelishughulikia lile suala kwa miaka yote ile, nimeandika, nimepinga, nimesafiri kwa ndege, na sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja. Nikapima visima vyote vya karibu. Kimoja, kifupi, upande wa mbugani, kilikuwa na floridi ndogo. Wanakijiji wakakubaliana maji ya watoto wadogo ya kunywa yachotwe huko, na yale mengine yawe ya kufulia na ya ng'ombe. Kina mama wananilaumu hadi leo kwa sababu ni mbali. Matokeo hayo niliyaandika kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa chaki. Hayajatajwa na yeyote. Yakifutika na mvua, mtu huyaandika upya.

Nasikia sauti yako nje, unacheka na baba yako, na unacheka mdomo wazi. Acha nimalize kabla hujaingia.

Kesho usitegemee nitalia pale barabarani. Baba yako atalia vya kutosha kwa sisi wawili, tena mbele ya kondakta, na mtu mmoja lazima abaki na akili ya kuhesabu mabegi. Mimi nitalia Jumatatu. Nina kipindi cha maabara asubuhi, mwaka wa pili. Nitafungua chupa ya amonia, ile inayotoa kila mtu machozi, niwaambie wanafunzi wasogee nyuma, na hakuna atakayeuliza.

Mama yako